Ngazi ni ya Nani?

Nilitolewa kwenye grupu ya WhatsApp ya ploti yetu kwa sababu ya swali moja: risiti iko wapi?

Stori ni fupi. Tangi la maji lililo juu ya paa lilipasuka usiku, maji yakashuka ngazi ghorofa zote sita hadi langoni. Asubuhi keateka akampigia agenti, agenti akampigia mwenye nyumba, na jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo: kila nyumba itoe shilingi 1,000 “ili tusaidiane.” Tuko nyumba 48. Hiyo ni 48,000. Tulituma kwa M-Pesa, kwa nambari yenye jina ambalo hakuna jirani aliyelitambua. Baada ya wiki mbili tangi likaja, dogo kuliko lile lililopasuka. Ndipo nikaandika, kwa adabu zangu zote: “Habari za jioni majirani. Naomba tuonyeshwe risiti ya tangi.”

Sikujibiwa. Dakika tatu baadaye nikaona tu kwamba agenti ameniondoa.

Kesho yake nilimkuta keateka akiosha ngazi. Ni mzee wa rika la babangu, anaishi kwenye chumba kidogo chini ya ngazi hizo hizo anazoosha.

“Mzee, kwani mimi nimekosea wapi?”

Hakuinua macho. “Kijana wangu, hapa ukiuliza pesa unaambiwa unachochea watu. Mimi mwenyewe natumwa tu.”

Sijamkasirikia. Anayenikasirisha ni sisi, nyumba 47 zilizobaki kwenye grupu zikanyamaza. Na mimi pia, kwa sababu kabla ya tangi nililipa pesa ya taka, pesa ya soja, pesa ya taa za ngazi na pesa ya “usafi” kwa miaka minne bila kuuliza lolote. Kwa hivyo haya ninayoyaandika nayaandika nikiwa na makosa yangu mkononi. Lakini nayaandika.

*

Tuanze na swali ambalo hatulipendi. Ukinunua shamba Kitale, unajua umenunua nini: udongo, mipaka, mti wa jirani unaoangukia upande wako. Ukinunua nyumba ghorofa ya saba, umenunua nini hasa? Hewa iliyozungushiwa kuta. Sakafu yako ni dari ya mwingine. Choo chako kinashuka kwa bomba linalopita nyumba sita. Ukitaka kufika kwako lazima upite kwenye ngazi ambazo si zako, chini ya paa ambalo si lako, ukishikiliwa na nguzo ambazo si zako.

Ndiyo maana nasema flati ni serikali ndogo. Ina kodi, ina walinzi, ina mipaka, ina maji na taa, ina mtu anayeamua nani ahame. Ina kila kitu cha serikali isipokuwa uchaguzi na hesabu. Na nchi isiyo na uchaguzi wala hesabu tunajua inaitwaje. Jijini hapa tunapigia kura rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na MCA, karatasi sita kwa siku moja, kisha tunarudi nyumbani kutawaliwa na mtu ambaye hatujawahi kumwona, kupitia agenti ambaye hatukumchagua.

Utasema: hilo ni tatizo la wapangaji, wasee waliojinunulia zao wako sawa. Njoo nikuonyeshe binamu yangu.

Binamu yangu alinunua nyumba upande wa Kileleshwa ikiwa bado ni ramani. Alikopa benki, akauza gari, akafanya ile hesabu ya miaka ishirini. Siku ya kupewa funguo alilia. Leo lifti imekufa kwa miezi minne, mamake ana magoti mabaya na hajamtembelea tangu ikufe, na ada ya huduma imepanda mara mbili. Nilipomuuliza nani aliyeamua ipande, akaniambia, “Kampuni ya usimamizi.” Kampuni hiyo ni ya nani? “Ya mjenzi.” Wewe ni mwanachama? “Nina hisa moja.” Umewahi kuitwa mkutano? Akacheka kicheko kile cha mtu aliyeacha kulia.

Huo haukuwa wizi wa usiku. Ni mfumo. Kwa miaka mingi hapa Kenya, mtu akinunua flati hakupewa hatimiliki ya nyumba yake. Mjenzi alibaki na hati ya ardhi, hati mama. Mnunuzi alipewa mkataba wa kukaa miaka mingi, pamoja na hisa kwenye kampuni ya kusimamia jengo. Kwenye karatasi, nyumba zikishauzwa zote, kampuni hiyo inakuwa mikononi mwa wanunuzi. Lakini mjenzi akibakiza nyumba mbili tatu, au akikaa tu kimya na daftari lake, wakurugenzi wanabaki walewale wa kwanza. Umelipa mamilioni kuwa raia wa nchi ambayo rais wake hajawahi kuitisha uchaguzi.

Kulikuwa na sheria ya kuondoa hali hiyo tangu 1987, ikakaa kabatini karibu bila kazi. Ikafutwa, na mahali pake ikaja Sectional Properties Act ya 2020, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba mwaka huo. Nitakueleza kwa lugha ya ngazi. Mchoro wa jengo unasajiliwa, kila nyumba inapata hatimiliki yake, na wenye nyumba wote, wapende wasipende, wanakuwa shirika moja linalomiliki mamlaka juu ya vitu vya pamoja. Shirika hilo lina kura. Linatakiwa kuwa na mfuko wa gharama na kulikatia jengo bima. Majengo ya zamani yalipewa miaka miwili yabadilishe hati zake yaingie kwenye utaratibu huu mpya.

Miaka miwili iliisha Desemba 2022. Jengo la binamu yangu bado liko kwenye karatasi za zamani. Na nilipomtajia sheria hii, yeye mwenye digrii mbili, ilikuwa mara ya kwanza kuisikia. Mjenzi alikuwa anaijua vizuri sana.

*

Sasa tuvuke mipaka kidogo, si kwa sababu wazungu ni malaika, ni kwa sababu shida hii ya ngazi si yetu peke yetu. Kila mahali watu walipoanza kuishi juu ya vichwa vya wenzao, iliwabidi wajibu swali hili.

Ujerumani walilijibu kwa sheria ya 1951, nchi ikiwa bado inajengwa upya baada ya vita. Kila mwenye nyumba ana nyumba yake na fungu lake katika vitu vya pamoja. Wanakutana kila mwaka. Wanaajiri msimamizi, na msimamizi ni mfanyakazi wao, si bosi wao. Sheria hiyo ilifanyiwa marekebisho yaliyoanza tarehe 1 Desemba 2020, wiki chache tu kabla ya yetu. Msimamizi sasa anaweza kuachishwa kazi wakati wowote kwa kura ya wenye nyumba. Yule wa kwanza kabisa, ambaye mara nyingi huwa amewekwa na mjenzi, hawezi kuajiriwa kwa zaidi ya miaka mitatu, maana walijua mapema ujanja ule ule uliompata binamu yangu. Na kila mwenye nyumba ana haki ya kuyaona makaratasi ya usimamizi. Kila mmoja. Hakuna cha kutolewa kwenye grupu.

Kuna jingine linalonihusu mimi mpangaji. Mpangaji wa Ujerumani naye hulipa pesa za juu ya kodi: maji, taka, usafi wa ngazi, mwanga wa ngazi. Lakini mwenye nyumba lazima amletee hesabu ndani ya miezi kumi na miwili baada ya mwaka wa hesabu kuisha. Akichelewa kwa uzembe wake, hawezi tena kumdai nyongeza. Mpangaji anaweza kuomba kuziona risiti. Na gharama ya kukarabati jengo haiwekwi kwenye pesa hizo. Ukarabati ni kazi ya mwenye mali, kwa sababu kodi ndiyo inayolipia hilo.

Isome tena hiyo sentensi ya mwisho, halafu ukumbuke 1,000 yangu ya tangi.

Uswidi wana njia nyingine. Huko watu wengi hawanunui flati yenyewe. Wananunua uanachama katika chama kinachomiliki jengo zima, na uanachama huo ndio unaowapa haki ya kukaa katika nyumba fulani. Wanachama wanachagua kamati, kamati inatoa ripoti ya mwaka. Kabla hujanunua unasoma ripoti hiyo: chama kina deni kiasi gani, paa lilibadilishwa lini, mabomba yatang'olewa mwaka gani. Hapa kwetu kabla ya kununua tunaangalia vigae vya jikoni.

Na vyama hivi havikuanzishwa na matajiri. Kimoja cha vikubwa zaidi nchini humo, HSB, kilianzishwa Stockholm mwaka 1923 na wapangaji waliochoka. Herufi hizo tatu ukizifungua zina maana ya chama cha akiba na ujenzi cha wapangaji. Chama, jameni. Chama cha akiba! Wasee walikaa chini, wakachanga, wakaandika kwenye kitabu, wakajenga. Kuna mtu Kenya hii asiyejua jambo hilo linafanywa vipi?

*

Hapo ndipo ile hoja ya uvivu inaponikera zaidi. “Wakenya hatuwezi kujisimamia. Mikutano yetu ni vita.” Kweli? Mamangu yuko kwenye chama cha akina mama kumi na wanane tangu nikiwa darasa la tatu. Wana mwenyekiti, karani na mweka hazina. Wana kitabu. Ukichelewa faini, usipofika bila sababu faini, simu ikilia kwenye mkutano faini. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesomea uhasibu, na hakuna shilingi iliyopotea bila kujulikana ilipotelea kwa nani. Nchi yenye vyama vingi namna hii haiwezi kuniambia haiwezi kusimamia ngazi.

Tunachokosa si uwezo. Tunakosa imani kwamba ngazi ni zetu. Chama ni chetu kwa hivyo tunauliza. Flati ni “ya mwenyewe”, kwa hivyo tunahama.

Kuhama ndiyo siasa yetu. Maji yakikatika tunahama. Soja akiwa mlevi tunahama. Kodi ikipandishwa tunapakia kochi na jiko la gesi kwenye mkokoteni tunahama, tunaacha diposti iliwe kwa jina la kupaka rangi, na tunafika ploti nyingine yenye tangi lingine na agenti mwingine. Nimehama mara tano katika miaka tisa. Mara zote tano nilijiona mjanja. Diposti tano zilienda kupaka kuta ambazo sikuzichafua.

Na sheria inayopaswa kunilinda? Rent Restriction Act, ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi, inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kwa pesa hizo jijini unapata chumba cha mabati, ukibahatika. Sisi wengine wote, wa bedsita na wa chumba kimoja na sebule, tumeachiwa mkataba ulioandikwa na agenti na maombi ya mama zetu.

*

Kuna upande mmoja lazima niuseme, maana nisipousema nitakuwa nawauzia ndoto. Kumiliki peke yake hakutoshi. Ukiwapa watu hati na kura, wanaweza pia kujiangamiza wenyewe.

Usiku wa tarehe 24 Juni 2021, huko Surfside, Florida, sehemu kubwa ya jengo la Champlain Towers South ilianguka watu wakiwa wamelala. Walikufa watu 98. Haikuwa ploti ya mabanda. Ilikuwa kando ya bahari, nyumba za watu wenye pesa, na wenye nyumba walikuwa na bodi waliyoichagua wenyewe. Mhandisi alikuwa ameandika ripoti mwaka 2018 kwamba zege limeharibika vibaya. Lakini ukarabati ulikuwa wa mamilioni ya dola, akiba haikutosha, na watu wakabishana: nani alipe, kwa nini sasa, mimi niko ghorofa ya juu shida ya chini inanihusu nini. Walipokubaliana hatimaye kuchanga, jengo halikuwasubiri.

Mwaka uliofuata Florida ikapitisha sheria: majengo kama hayo yakifika umri fulani lazima yakaguliwe, na wenye nyumba lazima waweke akiba ya kukarabati sehemu zinazolibeba jengo. Sheria hiyo ya 2022 ikawakataza kupiga kura ya kuacha kuweka akiba hiyo. Demokrasia ya ngazi, kumbe, nayo inahitaji katiba.

Sisi hatuhitaji kwenda Florida kujua hilo. Aprili 2016 jengo la ghorofa sita lilianguka Huruma usiku wa mvua, likaua takriban watu 50. Lilikuwa limeshawekwa alama ya kubomolewa. Kodi iliendelea kukusanywa. Waliolala mle ndani hawakuwa na kikao chochote cha kuuliza ile alama ya rangi ukutani ina maana gani, na kama wangeuliza, nadhani wangeambiwa wanachochea watu.

Ninapowaza hayo mawili pamoja, Surfside na Huruma, tajiri na maskini, ninaona somo moja. Nguzo haijui nani ana hati. Inajua tu kama kuna mtu aliyeikagua, na kama kulikuwa na pesa ya kuirekebisha.

*

Sasa hivi serikali inakata asilimia 1.5 ya mshahara wa kila mfanyakazi kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri anaongeza kiasi kama hicho. Majengo yanapanda kila kaunti, na wanasiasa wanapenda kututajia Singapore. Sawa, tuitaje Singapore, lakini tuitaje yote. Shirika lao la nyumba, HDB, lilianzishwa mwaka 1960, na leo karibu watu wanane kati ya kumi wanaishi kwenye flati zake. Hiyo ndiyo nusu tunayosimuliwa.

Nusu nyingine ni hii: wanajua kwamba kujenga ni kazi ya miaka mitatu na kutunza ni kazi ya miaka 99. Kwa hivyo tangu miaka ya themanini kuna mabaraza ya miji yanayotunza maeneo ya pamoja ya majengo hayo, yakiongozwa na wabunge wa maeneo hayo. Kila nyumba inalipa ada ya kila mwezi. Sehemu ya ada hiyo, kwa amri ya sheria, inaingia kwenye akiba ya kazi kubwa kama lifti na kupaka jengo rangi. Kisha serikali inachapisha ripoti inayopima mabaraza hayo kwa rangi, kijani hadi nyekundu: usafi, ukarabati, lifti, malimbikizo ya ada, uendeshaji. Fikiria mbunge wako akipimwa kwa lifti. Fikiria anaomba kura na jina lake lina nyekundu kwa sababu mama wa mtu alipanda ghorofa ya tisa kwa miguu.

Swali langu kwa wanaotukata 1.5 si kama nyumba zitajengwa. Ninaziona zikijengwa. Swali ni: mwaka wa kumi, lifti ya kwanza ikifa, nani atashika kitabu? Kama jibu ni “tutaweka kampuni”, basi tunajenga Kileleshwa ya binamu yangu kwa pesa za umma.

*

Wenye nyumba wataniambia nimewaonea. Wana mikopo, kuna wapangaji wanaohama usiku na miezi mitatu ya kodi, kuna bili za maji zinazopanda. Kweli yote. Kodi ni yako, faida ni yako, siiulizi. Lakini pesa uliyonichangisha kwa jina la tangi si kodi. Ni pesa ya tangi. Pesa yenye kazi lazima ionyeshe kazi yake.

Kwa hivyo ninachodai ni vitu vitatu, wala si vya kimapinduzi. Hesabu ya pesa za pamoja, ibandikwe ukutani kila mwezi wa tatu, penye kila mtu anapita. Mkutano mmoja kwa mwaka ambao mpangaji naye anakaa na kusema, kwa sababu sheria ya 2020 imempa kura mwenye nyumba na ikamsahau anayelala ndani yake. Na akiba ya ukarabati iliyo kwenye akaunti ya jengo, si ya mtu. Kama umenunua flati, usiishie hapo: uliza wiki hii kama jengo lenu limebadilisha hati. Kama jibu ni “tunalishughulikia”, waite majirani. Mkiwa wawili ni malalamiko, mkiwa ishirini ni mkutano.

Mimi bado sijahama. Wiki iliyopita niliandika barua fupi kwa mkono, nikaipitisha mlango kwa mlango jioni watu wakiwa wamerudi kazini. Nyumba nyingine hazikufungua. Jirani wa ghorofa ya nne aliisoma mara mbili, akaniuliza, “Na wakitufukuza?” Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Akasaini. Nyumba 19 zimesaini. Keateka hakusaini, hawezi, lakini aliniazima kalamu.

Jumamosi saa kumi tunakutana kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, kwa sababu hatuna ukumbi na hapo ndipo sote tunapita. Ajenda ni moja: risiti ya tangi.